Hilux LN106 inatikisa usukani: fungua kingi pini kabla hujanunua shokapu nyingine

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Hilux pickup LN106 ya mwaka 1994, injini 3L, niliyoinunua kwa baba mdogo hapa Mbinga. Nabebea kahawa na mbolea. Ikifika spidi 60 ikakanyaga shimo, usukani unaanza kutikisika kushoto na kulia kwa nguvu, hautulii mpaka nipunguze karibu kusimama. Kwenye lami inatangatanga. Tairi la mbele kushoto, kwa ndani, linatoa kitu kama uji mweusi, halafu mbele upande wa kulia gari imelala. Nilibadilisha shokapu mbili za mbele na shokapu ya stelingi, ikatulia wiki tatu tu. Sasa gereji nyingine imeniandikia: bolijointi nne, bushi za mikono ya mbele, tairodi endi, springi mpya na shokapu nne. Nina milioni moja na nusu. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anza kwa kuchukua kalamu na kufuta mistari miwili ya kwanza ya hiyo karatasi. Gari lako halina bolijointi. Halina hata moja, wala hiyo mikono ya kuwekewa bushi haipo. Aliyekuandikia ama ana gari lingine kichwani, ama hakuinama chini ya lako.

Usimwone mjinga sana, maana Hilux za miaka ile zinachanganya. Kizazi chako, kilichotoka kuanzia 1988 hadi 1997, kilikuwa na miguu ya mbele ya aina mbili. Ipo yenye mikono juu na chini kila upande, bolijointi, na vyuma virefu vya kujisokota badala ya springi. Na ipo ya kwako: ekseli moja nzima kutoka tairi hadi tairi, difu imo humohumo, imefungwa kwenye springi za pleti kama za nyuma. Marekani waliiondoa ekseli hiyo kwenye pickup hizi tangu modeli ya 1986. Afrika na Australia iliendelea kuuzwa, na ndiyo maana hadi leo ukienda misheni au shamba la chai utaikuta bado inabeba mzigo. Lala chini uangalie mwenyewe. Ukiona bomba nene la chuma linalovuka gari zima mbele, maneno ya bolijointi yameisha.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Mwishoni mwa hilo bomba, kila upande, kuna tufe la chuma lenye uwazi ndani, kubwa kuliko chungwa na dogo kuliko mpira wa miguu. Juu ya tufe imevikwa nyumba ya chuma inayobeba habu (kitovu cha tairi), breki na tairi. Unapokata kona, nyumba hiyo ndiyo inayogeuka, na inageukia kwenye beringi mbili ndogo za koni, moja juu na nyingine chini. Hizo ndizo beringi za kingi pini. Ni ndogo, hazionekani, hazipigi kelele, na kwa sababu hiyo watu wanabadilisha kila kitu kinachozizunguka wakiziacha zilezile zilizotoka na gari kiwandani.

Beringi ya tairi huzunguka mzunguko mzima, kwa hiyo hulika sawasawa. Ya kingi pini haizunguki. Inacheza kidogo huku, kidogo kule, na muda mwingi imesimama palepale, tairi likitazama mbele. Miaka thelathini ya mashimo inazigonga zile roli mahali pamoja, na kila roli inajichimbia kitanda chake kwenye kikombe. Kikombe kikishapata mabonde, mkazo unapotea, nyumba inalegea. Ukikanyaga shimo ukiwa na spidi 60, tairi moja linasukumwa, linamsukuma mwenzake kupitia tairodi, ile rodi inayounganisha tairi mbili za mbele, mwenzake anarudisha, na hakuna cha kuwashika. Mtikisiko unajilisha wenyewe.

Shokapu ya stelingi uliyofunga ilifanya kazi ya kumshika mgonjwa mikono asitetemeke. Ilipochoka, ukarudi ulipokuwa. Haikuharibika kwa kuwa ni feki (ingawa huenda pia ni feki), ilichoshwa na kazi isiyo yake.

Hata hivyo, usinunue beringi kwa sababu mimi nimesema. Gari sijaliona. Fanya vipimo, havina gharama, vinataka mtu mmoja wa kukusaidia, jeki, stendi mbili imara na mtaimbo. Nasema stendi, si mawe wala matofali. Tofali hupasuka bila kukuaga.

Kwanza kabisa, hamisha tairi za mbele zipeleke nyuma, za nyuma zije mbele, ujaribu barabara ileile. Kama mtikisiko umepungua sana au umehamia kwenye kiti, tairi lako moja limevimba au halina balansi, na umeokoa pesa. Kama haujabadilika, endelea.

Gari likiwa chini, injini ikiwaka kama ina pawa, mwombe mwenzako acheze na usukani kidogo kushoto na kulia, upana wa kiganja, bila kusimama. Wewe lala pembeni na tochi. Angalia kitu kimoja baada ya kingine: mkono unaotoka kwenye boksi la stelingi, rodi inayoendelea kutoka hapo, tairodi endi zote mbili. Mahali ambapo chuma kimoja kinatembea na cha pili kinachelewa, hapo pana pleyi, yaani ulegevu. Kisha weka kidole kati ya boksi la stelingi na chesisi. Hapo pana siri ya Hilux nyingi: chesisi huchanika kuzunguka boksi la stelingi, ufa mwembamba uliofichwa na tope. Safisha kwa brashi ya waya kabla ya kusema pazima. Ukikuta ufa, mambo mengine yote yasubiri mpaka uchomelewe na kuwekewa bamba la kuimarisha na mtu anayejua kuchomea chesisi, si yule anayechomea mageti.

Sasa inua tairi moja. Mkono mmoja juu ya tairi, mwingine chini, sukuma na kuvuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki na ashikilie, ujaribu tena. Pleyi ikipotea, ni beringi za tairi, kwa sababu breki imeifunga habu. Pleyi ikibaki na breki imekanyagwa, ni kingi pini. Kipimo hiki kimoja kingekuokolea pesa ya zile shokapu.

Kuna cha uhakika zaidi, kama una muda. Fungua tairodi upande mmoja ili nyumba iwe huru, kisha igeuze polepole kwa mkono kutoka kona hadi kona. Inapaswa kuwa nzito kidogo na laini mwendo wote. Ukifika katikati ukahisi inaingia kwenye kishimo na kutaka kukaa hapo, vile vitanda nilivyokuambia umevigusa kwa mkono wako.

Kuhusu huo uji mweusi wa kushoto, huo sihitaji kuuona. Ndani ya tufe mnakaa grisi. Ndani ya bomba la ekseli mnakaa oili ya difu. Kati yao kuna oilisili moja tu. Ikifa, oili inaingia kwenye grisi, grisi inayeyuka kuwa uji, na uji unatafuta njia kupitia sili za nyuma ya tufe. Ubaya wake si uchafu tu: beringi ya kingi pini ya chini inabaki kuoga kwenye kitu kisicholainisha vizuri, na difu inapungukiwa oili bila wewe kujua. Angalia usawa wa oili ya difu ya mbele leo, kabla ya jambo lingine lolote.

Lakini kabla hujamlaumu mpira wa oilisili, tafuta pumulio la ekseli ya mbele, kale kakofia kadogo ka kutolea hewa juu ya bomba. Likizibwa na tope, ekseli ikipata moto hewa haina pa kutokea, inaisukuma oili ipite kwenye sili. Ukivuka mto ekseli ikiwa ya moto, inapoa ghafla na kuvuta maji ndani kupitia sili hizohizo. Nimeona watu wakibadilisha oilisili tatu kwa mwaka, na tatizo ni kakofia unakoweza kukazibua kwa sindano.

Kama vipimo vinaonyesha kingi pini, na mimi naamini vitaonyesha, fungua pande zote mbili, hata kama uji unatoka mmoja tu. Beringi za kulia zina umri uleule. Na ukishafungua mpaka kwenye kingi pini umeshapita kwenye beringi za tairi, kwa hiyo badilisha zote kwa mkupuo, kazi ni ileile. Utahitaji beringi nne za kingi pini, beringi nne za tairi (ya ndani na ya nje kila upande), oilisili mbili za habu, oilisili mbili za ndani ya ekseli, seti mbili za sili za nyuma ya tufe zenye mpira, mkanda wa sufi na pete za chuma, gasketi zake, na washa mbili za kukunja za nati za habu. Ongeza grisi na oili ya difu ya 90 yenye daraja la GL-5. Usidanganywe na boksi la beringi. Boksi zuri lenye jina kubwa linachapishwa popote. Soma namba iliyochongwa kwenye beringi yenyewe, ilinganishe na ya zamani, na uizungushe mkononi. Kama unaagizia Dar, mwambie unayemtuma mtaa wa Gerezani akupigie picha ya chuma, si ya boksi.

Kufungua: kaliper ya breki ikitoka ifunge kwa waya kwenye springi, usiiache ining'inie kwenye hosi. Loki za habu zinatoka, ndani yake saklipu, kisha utakutana na nati mbili nyembamba, na washa iliyokunjwa kati yake. Nati hizo zinataka soketi ya milimita 54. Hapa ndipo nitakuwa mkali. Mafundi wengi huzifungua kwa patasi na nyundo. Inawezekana, nimeifanya mwenyewe ujanani, lakini kwa patasi huwezi kukaza kwa kipimo, na beringi ya tairi iliyokazwa kwa kukisia ndiyo inayokurudisha gereji. Nunua soketi hiyo au iazime. Ikikosekana kabisa, bomba nene lililochongwa na fundi wa lathe hufaa.

Baada ya habu, spindo, yaani mhimili ambao habu ilikuwa ikizungukia, inashikwa na bolti nane. Ikitoka, vuta shafti nzima pamoja na jointi yake kubwa. Ivute taratibu ukiibeba, na wakati wa kurudisha ibebe vilevile: uzito wa shafti ukilala juu ya midomo ya oilisili mpya kwa sekunde tano tu, umeiua kabla gari halijashuka kwenye stendi.

Jointi ikishakuwa mezani, ioshe na uikague. Kama gari likiwa kwenye fowili na umekata kona lilikuwa likilia tak-tak-tak, mipira yake imeshachimba njia upande mmoja. Ipo hila ya zamani inayookoa pesa: itoe kwenye shafti yake, ya kushoto ihamie kulia na ya kulia kushoto. Nguvu ya kwenda mbele sasa inaegemea upande ambao haujalika. Kama haina ufa, itakutumikia tena kwa miaka. Angalia pia bushi ya shaba ndani ya spindo. Ikiisha, shafti inapiga ngoma na kuharibu kazi yote ya nje yake.

Kingi pini sasa. Juu na chini kuna mkono wa stelingi au kifuniko, kila kimoja kina nati nne na chini ya kila nati kuna pete ndogo ya koni iliyobana kwenye stadi. Koni hizo hazitoki kwa kuvuta. Legeza nati bila kuitoa, piga ubavuni mwa mkono kwa nyundo na kipande cha shaba, zitaruka zenyewe. Na hapa simama. Kati ya vipande hivyo na nyumba kuna shimu, vipande vyembamba vya chuma, pengine kimoja, pengine vitatu. Vya juu na vya chini si sawa, vya kushoto na vya kulia si sawa. Ndivyo vinavyoweka nyumba katikati ya tufe na kuipa beringi mkazo wake. Chukua trei ya mayai, andika kwa wino, kila shimu na kishimo chake. Mwaka wangu wa tatu kwenye kazi hii nilizichanganya kwenye kopo moja la kimbo. Gari lilirudi baada ya wiki mbili, sili za nyuma zimechakaa upande mmoja tu kwa kuwa nyumba ilikaa pembeni. Nililipia sili za pili mfukoni mwangu.

Vikombe vya zamani hutoka kwa kugongwa na shaba kutoka upande wa pili. Kikigoma, mchomeleaji apitishe mstari mmoja wa kulehemu ndani ya kikombe; kikipoa kitajikunja na kuanguka chenyewe. Lifunike tufe kwa kitambaa chenye maji ili cheche zisiingie ndani. Safisha kila kitu kwa mafuta ya taa mpaka kidole kisione mchanga, kisha kausha. Usiipulizie beringi hewa ya kompresa ikazunguka kwa kelele kama watoto wanavyopenda, inajikwaruza kavu. Uso wa tufe nao uuguse. Kutu ikiwa imechimba, sili mpya zitavuja vilevile, kwa hiyo sugua kwa msasa laini mpaka uwe laini.

Oilisili ya ndani iingize ikiwa imenyooka. Pakaza midomo yake grisi. Funga beringi mpya za kingi pini zikiwa zimeshiba grisi, rudisha shimu zilikotoka, kaza. Kabla ya kufunga sili za nyuma na kabla ya kurudisha shafti, pima mkazo. Chukua mizani ya ndoano, ile ya kupimia mazao, ifunge kwa kamba mwishoni mwa mkono wa stelingi, uvute kwa pembe mraba. Nyumba inatakiwa ianze kugeuka mizani ikisoma kati ya kilo 3 na 6. Chini ya hapo, pleyi bado ipo na mtikisiko utarudi: punguza shimu nyembamba moja. Juu ya hapo, usukani utakuwa mzito na hautarudi wenyewe baada ya kona: ongeza. Gari la shamba mimi hulipeleka karibu na juu ya kipimo, kwa sababu beringi mpya hulegea kidogo zikishazoea.

Jaza grisi ndani ya tufe kama robo tatu, si pomoni. Kwenye jointi tumia grisi nyeusi yenye molibideni, kwenye beringi za tairi grisi ya kawaida ya lithiamu inatosha. Usizichanganye kiganjani.

Beringi za tairi zinakazwa hivi. Nati ya ndani kaza kwa spana ya kupimia hadi Nyutoni-mita 59, zungusha habu mara kadhaa mbele na nyuma ili roli zikae, legeza mpaka nati iende kwa mkono, halafu kaza tena kidogo tu. Rudisha ile mizani ya mazao, ifunge kwenye stadi ya tairi, vuta: iwe kati ya kilo 3 na 5.5 habu inapoanza kuzunguka. Washa ya kukunja, nati ya nje, kaza. Halafu pima tena, kwa sababu nati ya nje ikikazwa huisukuma ya ndani na kipimo hupanda. Wengi hupima kabla na hawapimi baada. Kikipanda, fungua urudie. Ni dakika kumi. Kisha kunja washa, upande mmoja kwenye nati ya ndani na mwingine kwenye ya nje.

Gari kulala kulia ni jambo la pili, na ni jepesi kuliko unavyodhani. Dereva anakaa kulia, safari nyingi yuko peke yake, springi ya kulia huchoka kwanza. Lakini hakikisha kwanza kwamba anayelala ni wa mbele. Weka jeki katikati ya mhimili wa nyuma wa chesisi, nyanyua mpaka springi za nyuma ziache kubeba. Mbele ikinyooka yenyewe, mgonjwa ni springi ya nyuma, inamvuta mwenzake. Isiponyooka, ni ya mbele kweli.

Kama ni ya mbele, nikushauri usimpelekee mhunzi akazikunja upya kwa nyundo baridi. Zinainuka, unafurahi, na baada ya mzigo wa msimu mmoja zimelala tena. Na usiongeze pleti nene kutoka kwenye lori. Gari litainuka kweli, ila litakuwa gumu kama mkokoteni na mashimo yote yataenda kwenye beringi ulizonunua juzi. Springi mpya jozi, au jozi ya mtumba iliyonyooka ikiwa umeipima zikiwa zimelala sakafuni pamoja. Shekeli (vyuma vinavyoshika ncha ya springi kwenye chesisi) ndefu za kuinulia gari ziache kabisa. Zinageuza ekseli na kuharibu pembe inayofanya usukani urudi wenyewe, na hapo hata kingi pini mpya hazitakusaidia kwenye lami.

Springi zikiwa chini, kagua bolti ya katikati. Ikikatika, ekseli inasogea na gari linatembea kimshazari. Pima kwa futikamba kutoka kitovu cha tairi la mbele hadi cha nyuma, kulia na kushoto, tairi zikiwa zimenyooka. Namba zikitofautiana sana umempata aliyekuwa anakupeleka pembeni. Bushi za springi na shekeli, mimi kwa gari la kazi nachagua za mpira. Zile ngumu za plastiki zinapendeza siku ya kwanza, ila zisipopakwa grisi zinalia kama kitanda cha chuma. Na hapa kuna kosa linaloua bushi nyingi kuliko mashimo: fundi anakaza bolti za bushi gari likiwa bado juu ya stendi. Mpira unabanwa ukiwa umening'inia, gari likishushwa unajisokota, na kila tuta linauchana zaidi. Kaza nusu, shusha gari kwenye tairi zake, litikise, ndipo ukaze moja kwa moja. U-bolti, zile zinazobana springi kwenye ekseli, ziwe mpya, zikazwe kwa zamu kimshazari, kidogokidogo.

Kumaliza, usitoe pesa nyingi kwa alaimenti ya kompyuta. Kwenye ekseli nzima mlalo wa tairi haurekebishwi, kilichopo ni tairodi tu. Nyanyua mbele, zungusha tairi ukichora mstari wa chaki katikati ya kashata, shusha, sukuma gari mbele mita mbili ili litulie. Pima umbali kati ya mistari miwili kwa mbele, kisha kwa nyuma, kwa kimo cha habu. Kwa tairi za radiali, mbele kuwe kwembamba kuliko nyuma kwa milimita 1 hivi.

Milioni moja na nusu itumie kwa mpangilio nilioueleza: kingi pini, sili na beringi za tairi pande zote mbili kwanza. Tairodi endi zifuate, ila zile tu zilizoonyesha pleyi. Halafu bushi, shekeli na U-bolti. Springi zije mwisho, hata msimu ujao wa kahawa, maana gari lililolala kidogo halikuui, ila lenye kingi pini zilizolegea kwenye mteremko wa Mbinga lina mpango huo. Shokapu nne hazimo. Zako za mbele ni mpya, zipe nafasi ya kufanya kazi yake kwa mara ya kwanza.

Ukimaliza, tembea kilomita kumi taratibu, simama, gusa habu zote mbili kwa kiganja. Vuguvugu ni sawa. Moja ikikufanya uvute mkono, ilikazwa kupita kiasi: irudie kabla hujaenda mbali. Baada ya kilomita 500, kaza tena U-bolti na nati za mkono wa stelingi, na rudia kile kipimo cha breki na tairi juu ya jeki.

Na zile bolijointi nne, kama ulishatanguliza pesa, zirudishe dukani kabla nailoni haijachanwa.